Chozi la Mudrik Kwenye Katuni

Kijiwe cha kahawa cha Mkadam kiko nyuma ya soko la Kilindoni, kwenye ukuta unaotoa kivuli kuanzia alasiri mpaka magharibi. Jumatatu hiyo, swala ilipokwisha, Mudrik alifika akawakuta wenzake wawili washakaa na vikombe mkononi, na walipomwona tu wakanyamaza. Akajua alikuwa anasemwa. Mudrik ni mzamia pweza, mtu wa miaka hamsini kasoro, na kijiweni wanamwita Chuma tangu siku alipochomwa mguuni na samaki taa akauchomoa mwiba mwenyewe bila kuguna.

— Karibu, Chuma, — alisema Ukasha, tarishi wa ofisi, ambaye kijiweni ni Bahasha. — Tulikuwa kwenye suala lako.

— Suala gani?

— La jana.

Jana yake mchana Zubery, mwenye banda la video, alikuwa ameonyesha picha mbili. Ya kwanza ya kutisha: mwanamke asiye na uso anayeishi ndani ya tangi la maji. Ya pili katuni ya nungunungu, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakisubiri nje. Kwenye ile ya kutisha Mudrik alikaa mbele akitafuna karanga. Kwenye katuni, banda zima la watoto likicheka, yeye alilia. Na watoto walimwona.

— Mimi sifichi, — alisema Ukasha. — Yule mwanamke alipotoa mkono tu nikaondoka. Kandambili zangu ziko kule mpaka sasa. Na tangi la kwangu silisogelei, leo nimeoga kwa jirani.

— Kwa jirani maji yanatoka wapi? — aliuliza Mkadam huku akimimina kahawa.

Ukasha akafikiri.

— Kwenye tangi, — alisema, na raha ikamwisha usoni.

Hafidhi akacheka. Huyu ni fundi viatu, wanamwita Daktari kwa sababu ya kushona.

— Mimi niliiangalia mpaka mwisho, — alisema.

— Ulifumba macho, Daktari, — alisema Mudrik. — Nilikuwa ubavuni mwako.

— Nilikuwa nasikiliza. Picha ya kutisha inasikilizwa. Sasa wewe tatizo lako nimelielewa. Hofu ukiizuia haipotei, inashuka miguuni inakaa. Katuni ilipokulegeza, ikapanda ikatokea machoni.

— Si hofu, — alisema Ukasha. — Ni rangi. Mtu yuko chini ya maji miaka thelathini, macho yamezoea kijani na giza. Unamletea ghafla njano ile na nyekundu ile, lazima yatiririke. Ingetakiwa banda libandike tangazo.

— Basi mimi nina sababu kubwa kuliko hiyo, — alisema Hafidhi, akajisogeza mbele. — Pweza ana mioyo mitatu, hilo mtaalamu alilisema redioni. Huyu bwana anamla pweza tangu hajaota meno vizuri. Ile mioyo unadhani inakwenda wapi?

Mudrik naye akacheka, kahawa ikamwagika kidogo kwenye goti. Angeweza kuliacha lipite hivyo hivyo. Mioyo ya pweza ilikuwa sababu nzuri tu. Lakini kahawa ilikuwa imekolea tangawizi, na wale walikuwa watu wake.

— Si pweza, — alisema. — Ni lile begi.

— Begi gani?

— La nungunungu. Yule baba anamfungia mwanawe begi la safari. Anatia nguo, akimaliza anazitoa, eti hazikukunjwa vizuri. Anatia mihogo, anaitoa, eti itachacha njiani. Watoto wanacheka. Mimi nikajiona.

Wenzake walijua habari ya Aziza, kitinda mimba wake, aliyepata nafasi ya uuguzi kwenye chuo kimoja huko Lindi. Safari ilikuwa Alhamisi. Hafidhi akaweka kikombe chini.

— Ndiyo maana, — alisema polepole. — Begi la Aziza liko kwangu wiki ya pili. Zipu tu. Ukaniambia nisiharakishe, nikadhani unanihurumia kwa wingi wa kazi.

— Huna wingi wa kazi.

— Na mimi nilishangaa.

— Na Umi nyumbani anasemaje? — aliuliza Ukasha.

— Mke wangu kila siku anauliza begi. Nikamwambia Daktari anaumwa.

— Kumbe ule uji alioniletea juzi, — alisema Hafidhi.

— Uliunywa?

— Wote.

Walicheka mpaka Mkadam akalishusha dele la kahawa chini. Mudrik alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo uliomkata bega. Pembeni yao alikuwapo Feisal, kijana mvuvi wa Kilwa aliyepiga kambi na wenzake kusini ya mji. Alikuwa ametoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanywa kahawa yake akisikiliza.

— Samahanini, wazee wangu, — alisema. — Yule mtoto wa nungunungu, mwisho alirudi kwao?

Ukasha akamtazama Hafidhi, Hafidhi akamtazama Mudrik. Ukasha alikuwa ameshakimbia zamani, pekupeku. Mudrik alitoka pale pale kwenye begi, akijifuta uso kwa kofia, na Hafidhi akamfuata kujua kuna nini. Mkadam siku nzima alikuwa kwenye kahawa yake.

— Hatukuimaliza, — alisema Mudrik.

Akazungusha kikombe mpaka machicha ya kahawa yakapanda ukingoni.

— Daktari, zipu ile inataka muda gani?

— Nusu saa. Nikikaza, robo.

— Basi twende.

Hafidhi alishona, Mudrik akimshikia kitambaa kisijikunje. Jua lilikuwa bado lipo Mudrik alipolifikisha begi nyumbani. Aziza alilipokea, akaifungua zipu na kuifunga mara tatu.

— Imekuwa nzuri, baba. Kwani Daktari amepona?

— Amepona, — alisema Mudrik, akaketi kizingitini kumwangalia akipanga vitu vyake.

— Alhamisi utanisindikiza mpaka bandarini?

Mudrik alikuwa ameshajiambia kwamba bandarini hatafika, ataagana naye hapo hapo mlangoni.

— Nitavuka bahari na wewe mpaka Nyamisati, — alisema. — Nikuone umepanda basi, ndipo nirudi.