Mama Ngoja Nipime na Magunia ya Chokaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kituo chetu cha kusafisha maji, mkemia wetu mkuu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Tunamwita Mama Ngoja Nipime, maana hajawahi kuamini lebo, risiti wala sura ya mtu. Hata chumvi ya mezani huionja kwanza kwa ncha ya kidole, asije akawa amewekewa shabu.

Kila mgeni kazini alifundishwa naye somo lile lile: shabu, yaani salfeti ya alumini, ikikutana na chokaa, yaani haidroksidi ya kalsiamu, hutoa mabonge meupe, laini kama ute wa yai. Hayo ndiyo hushuka na tope hadi chini, maji yakabaki maangavu.

Mwaka ule wa mafuriko mabonge yaligoma kutokea. Maji yakatoka na rangi ya chai ya maziwa, na simu za wateja zikawa hazikatiki. Uongozi ukamshuku mtunza stoo kwamba anauza chokaa na kujazia magunia unga mwingine. Mkemia naye alimshuku, ingawa ni shemeji yake, mume wa dada yake. Aliacha kumsalimia, na sampuli zake akawa anatembea nazo kwenye mkoba. Kituo kizima tulitazamana kwa jicho la pembeni. Dereva alifikia kuinusa chupa yake ya chai kabla ya kunywa.

Mtunza stoo alipoitwa ofisini kupewa barua ya kufukuzwa, mkemia aliingia bila kubisha hodi.

"Kabla hamjamfukuza mtu," alisema, "nifungulieni gunia ambalo halijaingia stoo."

Likashushwa moja kutoka kwenye lori la muuzaji lililokuwa limefika asubuhi hiyo, likiwa na mshono wa kiwandani. Alikoroga unga wake kwenye maji, akachovya karatasi nyekundu ya litmasi. Chokaa ingeigeuza buluu, lakini karatasi ikabaki nyekundu. Akayachuja maji, akadondoshea kloridi ya bariamu, yakawa meupe papo hapo. Salfeti. Magunia yalijaa jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, unga wa kupambia dari, na aliyetudanganya ni muuzaji.

Hakushangilia. Alimfuata shemeji yake stoo, akamwomba radhi akiwa amesimama.

Shemeji, asante. Pumzika, ulale hadi jua likuchoke, na afya isikupungukie. Wenzangu waliuliza nani aandike haya. Niliwahi kunyoosha mkono.

Mtunza stoo