Kiti cha Mama Mkwe

Abiria aliyejitambulisha kwa jina la Oloo alikuwa ametoka Nairobi kutazama gari dogo aina ya jipu lililokuwa likiuzwa, na katika treni ya kurudi akamwomba ushauri mama aliyeketi mbele yake. “Gari langu la sasa halijawahi kunisumbua, mama, ila mvua ikinyesha haliwezi kupanda milimani kumchukua mama mkwe aende kliniki.”

“Libadilishe, baba! Unangoja nini?”

“Kiti cha nyuma cha jipu hakimtoshi. Akikaa mbele, kila nikitia gia mkono uko gotini mwake. Kwetu Wajaluo hiyo ni aibu kubwa.”

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. “Mwenyewe umemuuliza?”

“Nitaanzaje?”

Mimi, niliyeketi kando yao, niliona kwamba mgonjwa hachagui kiti, lakini sikuwa nimeulizwa. Treni iliposimama Voi, simu ya Oloo ililia. “Ni yeye,” akasema, akavua kofia kabla ya kupokea.