Vidole vya Papasa, Mpimaji wa Mguso

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, tunawasalimu katika huzuni hii, na kwa niaba ya familia nimekabidhiwa karatasi hizi nizisome mimi kaka yake mkubwa, huku mjane akiniomba nisiruke hata mstari mmoja, maana juzi tulipokaa kuziandika wapo waliotaka sehemu ya ugonjwa iwe fupi, wakisema aibu ya marehemu hufukiwa naye, naye shemeji akajibu kwamba mumewe alijificha vya kutosha alipokuwa hai.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1980, katika zahanati ya mtaa wetu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo kimoja kilikuwa karakana, na tangu alipoanza kutambaa alikuwa mtoto wa kushikashika, ukuta, ubao, kitambaa, hata uso wa mgeni, mpaka wenye maduka wakimwona mlangoni wanaambiana, "Papasa huyo kaja, funikeni vitambaa," na jina likamganda, kiasi kwamba wapo miongoni mwenu watakaolijua jina lake la cheti leo kwenye kibao cha kaburi. Baba alikuwa na mchezo wa kumfunga macho na kumpa vipande vya msasa, naye akipitisha kidole mara moja tu anataja namba ya kila kipande, themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini, wala hakosei, wakati mimi mkubwa wake nilikuwa nikibahatisha tu, na sioni haya kusema leo kwamba nilimwonea wivu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1988 hadi 1994 na sekondari kuanzia 1995 hadi 1998, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, kisha mwaka 2001 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, akahitimu tarehe 28 Novemba 2003, na kwa miaka minane akatengeneza redio na televisheni katika duka la fundi mmoja mkali aliyemfundisha kuunganisha waya na pia kunyamaza, na ni katika miaka hiyo, mwezi Mei 2006, tulipomzika mama yetu, aliyekufa kwa ugonjwa wa sukari baada ya kukatwa mguu. Naomba mwaka huo muukumbuke, asije mtu akasema mdogo wangu hakujua anachokabiliana nacho.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti tarehe 3 Aprili 2010 na mwana tarehe 17 Septemba 2014, na nyumba yao ilikuwa ya vicheko, maana Papasa alikuwa na tabia ya kuwapapasa watoto nyayo wakiwa wamelala na kutangaza asubuhi nani alicheza peku na nani alivaa viatu.

Tarehe 2 Mei 2012 aliajiriwa katika kiwanda kinachotengeneza pedi za gemu, yaani vile vishikio vya vitufe ambavyo vijana hushika kwa mikono miwili mbele ya televisheni, na humo akapangiwa chumba cha watu sita waliokuwa wakitafuta jambo ambalo mimi nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani napigwa fiksi, kwamba unachukua kioo laini kabisa, chini yake unaweka utando unaopitisha umeme hafifu usiomdhuru mtu, na kidole kikiteleza juu yake ule umeme unaivuta ngozi kidogo, kama chanuo la plastiki linavyovuta nywele, na mchezaji anahisi mchanga, gome la mti au chuma chenye kutu mahali ambapo pana kioo kitupu. Hakuna kinachotikisika wala kuvuma humo ndani, kazi yote iko kwenye kidole, na kwa hiyo walihitaji mtu wa kusema mchanga unaanza wapi na kioo kinaishia wapi, wakampata Papasa, wakamwita Mpimaji wa Mguso.

Kila asubuhi alinawa, akajifuta mpaka mikono ikauka kabisa kwa sababu jasho linaharibu kipimo, akakaa meza ya kwanza karibu na dirisha, akapitisha kidole cha shahada juu ya kioo huku akizungusha kitufe cha kuongeza na kupunguza umeme, na pale aliposema "hapa," namba iliandikwa kwenye daftari, na mashine zote za chumba kile zikafuata namba hiyo. Wapimaji wengine walipimwa vidole kila mwaka, na aliyeshindwa alihamishiwa ukumbi wa kufungasha maboksi, kama alivyohamishiwa mwenzao mmoja aliyepata ukurutu viganjani, akadumu huko miezi mitatu akaacha kazi, lakini Papasa hakupimwa hata siku moja, kwa kuwa wenzake walipimwa kwa namba zilizotoka kwenye kidole chake yeye, na nani angepima rula?

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2020 kwa kiu isiyoisha na ganzi ya vidole vya miguu, akawa anatania kwamba uzee umeingilia mlango wa nyuma, na mwezi Februari 2021 ganzi ikafika kwenye mikono, nacho kidole cha shahada kikaanza kufa polepole, naye badala ya kwenda hospitali akawa anaongeza umeme kidogo kila wiki mpaka ahisi, akisema "hapa" mahali ambapo hapakuwa hapa tena. Wenzake walipolalamika kwamba mchanga umekuwa kokoto, na vioo vingine vinachoma kama cheche ya blanketi, aliwaambia wana vidole vya mayai, wakacheka na kuandika namba yake, na kwa muda wa karibu miaka miwili chumba kizima cha watu wenye elimu kilifuata kidole kisichohisi kitu.

Walipokuja wakubwa kutazama kazi, ambapo ilibidi afumbe macho na kutaja kila kioo kama maonyesho, mwenzake wa meza ya pili, ambaye watoto wa Papasa humwita mama mdogo wa kazini, na ambaye alikuwa ameshaijua siri yake, alikuwa anakaa karibu na kukohoa mara moja kwa kioo laini na mara mbili kwa chenye kukwaruza, na mama huyo yupo hapa, ameketi mstari wa tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba jambo hili lisomwe, kwa sababu anasema kikohozi kile kilimpa ndugu yake Papasa mwaka mmoja wa mshahara na kumnyima miaka mingine yote. Dada, sisi familia hatukuhukumu, maana ulifanya ulichodhani ni wema, na wengi wetu tungekohoa.

Mke wake aligundua tarehe 17 Juni 2022, jikoni, alipomkuta ameshika mpini wa sufuria iliyokuwa motoni akizungumzia habari za mpira, harufu ya ngozi ikiwa imeshajaa chumba, akamwambia, "Baba, mkono wako unaungua na wewe unaongea tu," naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine, kisha akamwapisha asiseme popote, kwamba vidole hivyo ndivyo vinavyowalisha, kwamba zahanati ya kiwanda hupeleka majibu ofisini, kwamba atakwenda kutibiwa pedi zikishazinduliwa tarehe 3 Machi 2023. Shemeji alimsihi, akalia, akanuna, akamfichia viatu asubuhi asiende kazini, naye akaenda na malapa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa Papasa kifo hakikuwa na haraka, kwani tarehe 19 Januari 2023 alishinda kutwa na msumari ndani ya kiatu bila kujua, akauona jioni alipovua soksi, akafunga kitambaa akanyamaza siku tisa, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui, na tarehe 9 Februari akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Siku nne baadaye, kwa kuwa hakuweza kushika kalamu, alimwita binti yake wa miaka kumi na miwili, akamtamkia barua aiandike kwa mkuu wa chumba, kwamba namba zote zilizoandikwa tangu Februari 2021 ni za uongo, kwamba aliyezitoa hakuwa na kidole, na kwamba wasithubutu kuzindua kitu ambacho kitawachoma watoto wa watu.

Uzinduzi ukaahirishwa miezi minane, vioo vikatupwa, kazi ikaanza upya kwa vidole vingi badala ya kimoja, na mkuu wa chumba akaja wodini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema tu, "Papasa, ungeniambia ningekutafutia kazi nyingine," na mdogo wangu akageukia ukutani. Sijui kama maneno yale yalikuwa kweli, mkuu, lakini najua yalimuuma kuliko kisu.

Figo zilishindwa mwezi Septemba. Tarehe 28 Oktoba mwanawe alimletea pedi ya kwanza iliyokamilika, akamshika kidole na kukipitisha juu ya kioo, na Papasa akamuuliza, "Kukoje hapo, mwanangu?" mtoto akamweleza kwamba ni kama ukuta ambao haujapigwa rangi, na hapa ni kama mchanga wenye maji, na baba yake akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo nilivyotaka kiwe," ingawa hakuhisi hata kwamba mkono wake umeshikwa. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, miezi mitatu na siku mbili.

Nimesikia huko nje mnanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nami nakataa, sikio lake lilisikia vizuri sana, ni woga uliolizuia. Nakataa kwa sababu ya hili ambalo halimo kwenye karatasi, wala shemeji hakulijua wakati tunaandika, na mke wangu analisikia sasa hivi pamoja nanyi, kwamba mimi ninayesoma nina kiu isiyoisha tangu mwaka jana, na vidole vyangu vya miguu nimeacha kuvihisi tangu mwezi wa nne, na kila nilipokwenda kumwona mdogo wangu wodini nilipita mlango wa chumba cha vipimo mara mbili, kuingia na kutoka, nikinyoosha hatua asijue mtu. Muuguzi wa wodi ile yupo hapa na ameniambia leo chumba kiko wazi mpaka saa kumi, kwa hiyo tukitoka makaburini msinisubiri nyumbani, na mwenye ganzi kama yangu anifuate, tutakwenda pamoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi tisa bila kumlaumu, majirani waliopokezana kulala na watoto, wafanyakazi wenzake waliorudia kazi yote kwa mikono yao na jina lake wakaliacha kwenye daftari, na nyote mliofika.

Mdogo wangu, hakuna anayekupima tena, pumzika kwa amani.