Kufuli la Kati Halijafunguliwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mratibu wa Programu ya Kilimo. Wakubwa wa serikali na wachungaji wa makanisa. Maofisa wa usalama mlioandamana naye, nanyi mliosimama pale karibu na magari. Bwana Roger, agronome wetu, bwana shamba wa programu. Ndugu wakulima wenzetu: hamjambo wote.

MAKARIBISHO

Karibu Bunia, Mheshimiwa, na karibu kwenye depo, ghala la ushirika wetu. Kiti ulichokalia tumekiazima parokiani, na wenye parokia wametuambia kwamba kikirudi na mguu uliolegea tutajuana nao. Kwa hiyo tunakuomba ukae kwa amani, lakini usiegemee sana.

Tunakupokea kwa furaha. Tunakupokea pia kwa hofu, na hilo tunalisema mapema, usije ukaona tumeinamisha macho ukadhani ni adabu.

Ratiba uliyopewa inasema kwamba baada ya risala utakata utepe, kisha utafungua depo ili wapiga picha wapate magunia ya mahindi nyuma yako. Utepe utaukata. Depo hutaifungua leo. Tunakusihi utusikilize mpaka mwisho kabla hujakunja uso, kwa maana sababu yake ni mtu, na mtu huyo ni mmoja wetu.

TULIKOTOKA

Kabla ya mafunzo ya programu yako, sisi wakulima wadogo wa pembezoni mwa mji huu tulikuwa na ghala moja tu, nalo lilikuwa ardhi. Tulipanda muhogo na kuuacha humo humo. Siku ya shida unang'oa wa kujaza beseni moja, unakula nusu, nusu unapeleka sokoni, na bei anakutajia mnunuzi huku anaangalia pembeni. Ukitusikia tunasema hivyo unaweza kutuita wavivu. Hatukuwa wavivu. Muhogo ulio ardhini haubebwi na mtu mwenye bunduki na haraka, na miaka ile ya vita ilitufundisha hivyo kabla yenu nyinyi kuja na ubao na chaki.

Mwanachama mwenzetu Mama Godelive aliishika elimu hiyo ya vita kuliko wote. Siku walipokimbia kijijini kwao na kulala bondeni, walichokula baadaye ni muhogo uliobaki ardhini kando ya nyumba zilizoungua. Ndiyo maana mume wake, Honoré, aliporudi kutoka somo la kwanza la programu akiwa amechangamka, yeye hakuchangamka hata kidogo. Honoré mwenyewe alikiri kwamba alikwenda kwa sababu alisikia saa sita kutakuwa na wali na nyama. Nyama aliipata, na somo likamwingia pamoja nayo.

"Mama, banatufundisha kama shamba ni biashara," alimwambia. "Tulime muhindi, tukaushe, tuweke pamoya, tungoye bei ipande."

"Biashara gani?" Godelive akamjibu. "Muhindi haijifichake. Ukiiweka mu nyumba, njo unaita mutu ya bunduki."

Na kweli mahindi hayajifichi. Yanakomaa yote kwa mara moja, yanataka shitingi, yaani turubai, ya kuyaanika na nyumba ya kuyalaza, na kila mpita njia anajua yako wapi. Hofu hiyo ilikuwa yetu sote, Godelive aliisema tu kwa sauti. Pia tulikuwa tunaogopana wenyewe kwa wenyewe. Humu ushirikani kuna familia za zamani za Ituri, wafugaji na wakulima, na kuna familia zilizotoka Kivu ya Kaskazini kuja kufanya biashara. Si zamani sana tulikuwa tukipishana kisimani bila kusalimiana.

Bwana Roger ndiye aliyetufundisha dawa ya hofu hiyo, na tunamshukuru mbele yako. Mlango mmoja, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa familia zisizoaminiana. Kufuli la juu alipewa Kambale, muuza majembe, ambaye wazazi wake walitoka Butembo, huko Kivu. La chini alipewa Bibiane, mjane aliyetoka mji wa Niania, ndiye anayekusomea risala hii. La kati alipewa Honoré, wa familia za zamani za Ituri. Sheria ikawa kwamba kufuli la mtu linafunguliwa na mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wenzake. Bibiane aliposhikwa na malaria wakati wa kutoa mbegu, hatukumwomba ufunguo. Tulimpakia kwenye moto, yaani pikipiki, katikati ya watu wawili, akaletwa huku meno yanagongana, akafungua mwenyewe, akarudishwa kitandani. Siku ile ndipo Godelive alipokubali kuleta gunia lake la kwanza.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, yapo, na hatutaki hofu yetu iyafunike. Leo tunachagua mbegu zetu wenyewe shambani badala ya kungoja za msaada. Tunajua gharama ya gunia kabla ya kulitajia bei, na mwaka jana kwa mara ya kwanza tulimwambia mnunuzi "hapana", akaenda, akarudi. Hatujui kama unaelewa utamu wa kuona mnunuzi anarudi. Kambale alicheza palepale barabarani, na Kambale si mtu wa kucheza ovyo.

Kambale na Honoré, ambao zamani hawakusalimiana, wakawa wa kutaniana kutwa. Honoré alikuwa akimwambia, "Weye Kambale, siku unakufa batakuzika na jembe zako, maana hautakubali bazigawe bure." Naye Kambale anamjibu kwamba heri hivyo kuliko kuzikwa na madeni ya Honoré. Watoto wao wanasoma shule moja, na karo imetoka katika mahindi haya haya.

Honoré akawa mwalimu wa wakulima wenzake. Mavuno ya mwisho yalipokwisha kuingia depo na makufuli kufungwa, programu ilimtuma mji wa Boga kuwaonyesha wakulima wa huko namna ya kukausha na kuhifadhi. Godelive alimpigia pasi shati jeupe. Sisi tulijivuna kama vile tumetumwa sote.

CHANGAMOTO

Tulizoea kuandika hapa kwamba barabara ni mbaya, kwamba fukusi wanatoboa mahindi, kwamba hatuna mashine ya kusaga. Yote hayo ni kweli. Lakini changamoto yetu ya leo ni kwamba Honoré hajarudi kutoka Boga, na mwezi umekwisha.

Motari mmoja, mwendesha pikipiki wa abiria, aliyekuwa nyuma yake alimwona akiteremshwa kwenye barieri, kile kizuizi cha barabarani kilicho kabla ya daraja. Mwendeshaji aliyembeba aliambiwa aendelee na safari bila abiria. Hatusemi waliomteremsha ni nani. Mavazi siku hizi yanafanana, na aliyeona hakukaa kutazama. Ufunguo wa kufuli la kati ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba, kama siku zote.

Mama Godelive alikwenda kuuliza katika ofisi moja. Hatutaitaja. Badala ya kujibiwa, aliulizwa yeye: jina lake, majina ya watoto, nyumba wanayolala, na kwa nini mume wake anapenda kukusanya watu shambani. Alitoka hapo akapitia njia nyingine kurudi nyumbani, akigeuka nyuma kila kona. Tangu siku hiyo watoto wake wanalala kwa Kambale. Yeye mwenyewe mbwa akibweka anasimama, na pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba anashika ukuta. Anaogopa kwamba wanakuja kumchukua. Anaogopa zaidi kwamba wanakuja kumpa habari.

Nasi tukaanza kuoza kwa ndani. Baadhi yetu walinong'ona kwamba Honoré amekwenda kwa watu wa msituni, na kwamba siku moja atawaleta wabebe mahindi. Maneno hayo yalitoka zaidi upande wa jirani za Kambale. Upande wa pili wakanong'ona kwamba mtu wa Butembo akigusa tu kufuli la Honoré, yatakuwa mengine. Watu waliokuwa wanachangia shitingi moja wakaanza kuanika muhogo kila mtu kwake.

Ndipo juzi Bwana Roger alipokuja na msumeno wa chuma. Hatumlaumu, naye ana wakubwa wake. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuleta lori, na wewe Mheshimiwa ulikuwa njiani. Tulikusanyika mbele ya mlango huu huu. Godelive alikuwa nyuma ya wote, kwa sababu siku hizi anapenda kuwa mahali penye njia ya kutokea. Alipoona msumeno unatolewa kwenye gunia, alisahau kuogopa, au pengine aliogopa kupita kiasi. Akapenya katikati ya watu akaja kusimama mbele ya mlango.

"Mama, kadena ni chuma tu," Bwana Roger akamwambia kwa upole, akiligusa kufuli la kati. "Mheshimiwa anakuya. Tutaweka ingine."

"Papa Roger, ni weye njo ulitufundisha. Ulisema kadena ya mutu inafunguliwa na mwenyewe. Bibiane aligonjwa, tulimubeba, tulimuleta hapa."

"Ndiyo, Mama, lakini ile..."

"Basi leta ye! Leta Honoré afungue!" Akalishika kufuli kwa mikono miwili. "Mukikata hii kadena munamuzika. Bwana yangu hayakufa. Munasikia? Hayakufa."

Kambale akatoka kwenye kundi, na tunakiri kwamba tulihofia mabaya, kwa kuwa tulijua jirani zake wanasema nini. Alimtazama Godelive, akautia ufunguo wake mfukoni, akakaa kwenye kizingiti na mwili wake wote, na Kambale si mwembamba.

"Muhindi yangu iko mule ndani mingi kupita ya benu bote," alisema. "Iache fukusi bakule. Siye tutamungoya."

Wanaomjua Kambale wanajua sentensi hiyo ilimgharimu nini. Tukapiga kura kwa mikono, na mikono iliyoinuka ilitoka pande zote mbili, hata ya wale waliokuwa wananong'ona. Lori likaondoka tupu. Bwana Roger alituonya kwamba mashine ya kusaga huenda sasa ikapewa kikundi kingine. Tumelisikia onyo, na linatuuma, maana kina mama wanabeba mahindi kichwani mwendo mrefu kwenda kuyasaga. Mvua zikikaza na mahindi yakiharibika, watoto watarudishwa kutoka shule. Tunalijua hilo, na tunaliogopa.

Lakini mafunzo yenu yalikuwa ya kutufanya watu wanaojitegemea, wenye biashara inayodumu. Biashara yetu haidumu kwa mahindi, Mheshimiwa. Inadumu kwa sababu kila mmoja anajua kwamba fungu lake halitaguswa siku ambayo hayupo. Tukimkata Honoré leo kwa sababu hayupo, kesho kila mtu atarudi kwenye muhogo wake, na tutarudi kupishana kisimani.

OMBI LETU

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: mashine ya kusaga, shitingi mpya, dawa ya fukusi, daraja. Tumeyaondoa yote. Si kwa kiburi. Tuliogopa kwamba ukiombwa mengi utajibu lile jepesi.

Tunaomba moja. Ratiba yako inasema kesho asubuhi msafara wako unaelekea Boga. Utapita kwenye barieri ile, kabla ya daraja, na wewe watakupigia saluti. Tafadhali simama. Uliza habari za Honoré Kisembo, mkulima wa mahindi wa Bunia, mtu mrefu mwembamba aliyepungukiwa jino moja la mbele, ambaye alikuwa safarini kwa kazi ya programu yako. Sisi tukiuliza tunaandikwa majina. Wewe ukiuliza utajibiwa.

Mama Godelive ametuomba tuongeze neno. Anasema usiulize ukiwa ndani ya gari na kioo kimepandishwa. Shuka, ulitaje jina lote kwa sauti kubwa, ili kama yuko nyuma ya ukuta asikie kwamba kuna mtu anamtafuta. Na wakikuambia hawamjui, tuletee jibu hilo hilo kama walivyolisema, usilipunguze makali kwa kutuhurumia.

Tunajua tumeyasema haya mbele ya watu wenye silaha, na kwamba gari lako likiondoka sisi tutabaki hapa. Tulijadiliana sana kama tuyaseme. Hatutakuonyesha alipoketi mke wake. Lakini utaona kwamba baada ya risala hii tutasimama wote, wanaume kwa wanawake, ili mtu asijue amtazame nani.

Mungu akutangulie njiani, Mheshimiwa. Barieri zifunguke mbele yako. Ufike nyumbani kwako kabla ya giza, ukute sahani yako imefunikwa mezani na mtu aliyekataa kula kabla hujaingia.

Ni sisi,
Ushirika wa Wakulima Tushikane, Bunia:
tuliopo hapa wote, na mwenzetu aliye njiani.