Kidude cha Mezani kwa Bosi

Benchi langu lina miguu mitatu na tofali moja, na limebeba wabishi wengi kuliko benchi lolote mtaani. Mimi ndiye muuza kahawa hapa, mkabala na geti la kampuni ya usafirishaji, kwa hiyo nina haki ya kusema. Ijumaa ile, saa nane mchana, alikuja Barafu, dereva wa gari la ubaridi, barua mkononi, macho mekundu. Mwezi uliopita alibeba chanjo za kuku siku nne barabarani, akazikabidhi zikiwa baridi. Baadaye zikaonekana zimeharibika, na lawama zote akabebeshwa yeye. Jumatatu wanamwita kumfukuza. Kwenye benchi aliwakuta Fundi, anayetengeneza mafriji, na Kamusi, karani mstaafu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

— Sikilizeni hii, Barafu akasema. "Kidude cha kurekodi joto kilichosafiri na mzigo kimeonyesha wastani wa nyuzi ishirini na nne." Mimi niliyelala na koti ndani ya gari ili mashine isizimike!

— Kimechezewa, Kamusi akasema. Hivyo vinaongea na setilaiti. Kuna mtu huko juu kabadilisha namba.

— Hakina hata antena, Fundi akamkatiza. Kina kumbukumbu ndani, basi. Chukulia ni daftari la mistari elfu nne. Kila dakika kumi kinaandika mstari mmoja, saa na joto. Mistari ikiisha kinarudi mwanzo, kinafuta, kinaandika juu yake.

— Kinafuta nini? Barafu akauliza.

— Cha zamani kabisa ndicho kinatangulia kufutika.

— Nani kakipa ruhusa hiyo?

— Ndivyo kilivyopangwa. Kuna vingine vikijaa vinasimama vyenyewe. Chenu hakisimami mpaka mtu akizime.

— Ndiyo maana wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, Kamusi akasema.

— Ngazi ipi, mzee?

— Ya kumbukumbu.

Barafu alikiweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa yangu ikamwagika. Kamusi hakujali. Akasema kidude hakifuti, kinahamisha, tena kwa waliokiunda, wapate kujua nchi nzima ina kuku wangapi. Fundi akamwita mwongo. Kamusi akapanda juu zaidi.

— Vingine vinanusa hasira. Ukigombana na mkeo kwenye simu huku unaendesha, joto linapanda kwenye rekodi.

— Mke wangu umemtoa wapi humu? Barafu akafoka.

— Lisemwalo lipo, bwana.

Nusura washikane mashati. Nikajaza vikombe nikiwa nimenuna. Mtu anapoteza kazi, wao wanashindana nani anajua zaidi. Fundi akachora kumbukumbu chini kwa kijiti, duara lenye vyumba, Kamusi akaifuta kwa kiatu akisema imekosewa. Fundi akachora tena. Kamusi akafuta tena.

Ndipo akatoka getini mama anayefanya usafi ofisini, mkoba begani. Akaomba kahawa, akauliza wanagombania nini. Barafu akamweleza.

— Hicho kidude cheupe chenye kijitaa kinachokonyeza? mama akasema. Si kipo mezani kwa bosi. Kakilaza juu ya karatasi zisipeperushwe na feni. Leo asubuhi alikibonyeza, akasoma namba kwenye kioo, akaandika barua.

Fundi aliinua kichwa.

— Kijitaa kinakonyeza hadi leo?

— Nimekifuta vumbi sasa hivi. Kinakonyeza.

— Basi bado kinaandika, na hizo nyuzi ishirini na nne ni joto la ofisi, Fundi akasema taratibu. Barafu, ulishusha mzigo lini?

— Leo siku ya ishirini na sita.

Fundi akahesabu kwa vidole.

— Daftari linabeba siku ishirini na saba na ushee. Siku mbili za mwanzo za safari zimeshaliwa. Zile za mwisho zipo, baridi yako yote mpaka mlangoni kwa waliopokea. Kikizimwa leo, umepona. Kikiachwa, Jumapili mchana hakuna kitu.

Barafu alikuwa ameshasimama.

— Twende.

— Wapi, mwanangu? mama akasema. Nimeshafunga, na mlango ule ukivutwa unajifunga wenyewe. Bosi kaondoka na ufunguo, na simu yake huizima mpaka Jumatatu.

Barafu alipiga hata hivyo. Akapiga tena. Kisha akamgeukia Fundi.

— Ulikuwa unajua.

— Sikujua kipo wapi, Fundi akasema.

— Hukuuliza.

Kamusi akavuta kiatu chake nyuma, mbali na alama za duara. Mama akawatazama mmoja mmoja, na ile michoro iliyofutwa miguuni pao.

— Kwani mmekaa hapa tangu saa ngapi?

Mimi nilijua. Saa nane nilipommiminia Barafu kikombe cha kwanza, mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na nilikuwa nauona kutoka hapa nilipokaa.