Siku Starleti ya Yona Ilipokubali Kuwaka

Kijiwe cha Samiha kiko Makorora, mbele ya duka la nyuzi na vifungo lililofungwa zamani. Ni mabenchi mawili yanayotazamana, na katikati dele la kahawa limekalia jiko la mkaa. Wanaokaa pale kila asubuhi ni walewale. Yupo Mzee Zabron, anayeitwa Mkonge kwa ajili ya miaka thelathini aliyoendesha trekta katika shamba la mkonge. Yupo Sele, anayeitwa Setelaiti, kwa kuwa hakuna habari ya mtaani isiyopita kwake, na ikishapita hutoka nene kuliko ilivyoingia. Yupo na Yona fundi cherehani, anayeitwa Pindo. Samiha mwenyewe hana jina la utani. Aliyejaribu kumpa alinyimwa kahawa siku mbili. Na kando ya benchi, kwa wiki ya tatu sasa, lilikuwapo gari la Yona, Starleti nyeupe, betri yake imekufa, vumbi limejaa kiooni, na kuku wa jirani amefanya uvungu wake kuwa chumba cha kulala.

Ukweli ni kwamba Yona hakuwa na haraka gari lipone.

Wiki tatu nyuma, pale pale kijiweni, alikuwa amewasimulia wenzake kwamba mkewe Ruthi, mwanakwaya wa kanisani, huimba usingizini. Si kuguna, kuimba: sauti ya pili, beti zote, na katikati hunyamaza kuwakaripia waliochelewa kuingia. Benchi lilicheka mpaka Mzee Zabron akamwagikiwa na kahawa. Kufika adhuhuri Setelaiti alishampa shemeji yake jina, Kwaya ya Saa Nane, na jina likavuka mtaa. Jumapili yake, mlangoni mwa kanisa, mtu akamuuliza Ruthi, "Saa Nane, umeamkaje?" Ruthi aliimba ibada mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akafunga nguo zake, akasema anakwenda Amani, kule milimani, kuwasalimia wazazi.

Salamu gani za wiki tatu, hakuna aliyeuliza. Yona alisema atamfuata gari likipona, kwa sababu mkwe hawezi kushuka kwenye basi na kuanza kubeba mabegi ya mkewe kichwani. Basi kijiwe kikawa kinaulizia gari. Mke hawakumtaja.

Asubuhi ile ya Jumamosi Miraji, fundi umeme wa magari anayeitwa Voltiji, alikuja na kitu mkononi, ukubwa wa nusu tofali, chenye mikia miwili ya waya, mwekundu na mweusi, na kila mkia una kibanio.

— Shikamoo Mzee Mkonge.

— Marahaba. Umebeba nini hicho?

— Dawa ya gari la Pindo. Leo anakwenda Amani.

Yona alikuwa ametia kashata mdomoni. Akaitafuna polepole sana.

— Hiyo ni betri ya akiba, alisema Mzee Zabron. Nimeziona.

— Haina betri ndani, mzee wangu.

— Haina?

— Hata moja.

— Sasa gari inaliwasha kwa kitu gani?

— Kwa betri ya gari lenyewe.

Setelaiti akaweka kikombe chini.

— Voltiji, hebu rudia taratibu, mimi jana sikulala vizuri. Betri ya Pindo imekufa.

— Imekufa.

— Na mashine yako haina betri.

— Haina.

— Kwa hiyo unamchukua asiye na kitu, unamwozesha asiye na kitu, halafu unataka wazae moto.

Yona alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeona mlango wa kutokea.

— Hapo Sele umesema, akadakia. Miraji ndugu yangu, rudisha mashine yako dukani, wamekupiga.

Miraji hakukasirika. Aliketi, akapokea kikombe chake, akaiweka mashine mapajani kama mtu aliyebeba mtoto.

— Nyumbani kwenu maji ya bomba yakiwa ya mgao, yakadondoka tone, tone, tone, unaweza kuoga?

— Siwezi, alisema Setelaiti.

— Ukitega ndoo?

— Nitasubiri ijae.

— Ikijaa?

— Najimwagia.

— Basi. Betri iliyochoka bado ina matone. Kuzungusha stata haiwezi, stata inataka maji mengi kwa mkupuo. Hii ndiyo ndoo. Ndani kuna kapasita. Inakinga matone ya betri, dakika mbili tatu, ikijaa inamwaga yote kwa mara moja. Gari linawaka.

Maelezo yalikuwa mepesi mno, na kijiwe hakipendi jambo jepesi.

— Mimi sikubali, alisema Mzee Zabron. Shambani tulikuwa na trekta halina betri, tunalizungusha kwa chuma mbele. Lile lilikuwa likiwaka kwa woga. Dereva akilifikia na chuma, injini inajua kinachokuja. Hii nayo kazi yake ni kutisha tu.

— Si kutisha, mzee, alisema Setelaiti. Tazama juu. Nyaya zile za umeme zimepita wapi? Juu ya gari la Pindo. Mashine inavuta kule kwa siri. Wenzetu mjini wanaishi hivyo, hawalipii hata taa.

— Haina waya wa kwenda juu, alisema Miraji.

— Simu yako ina waya wa kwenda mnarani?

Mzee Zabron akatikisa kichwa kwa heshima. Hoja ilikuwa imepata mguu.

— Kumbe basi inaweza kuvuta popote, akasema.

— Popote palipo na nguvu, mzee. Hata kwa watu. Wallahi, tangu Voltiji aketi hapa mimi magoti yamelegea.

— Na mimi sikio hili linavuma.

— Unaona? Sasa isogeze kidogo kwa Pindo, yeye kijana.

— Magoti yako yamelegea kwa kukaa tangu saa kumi na mbili, alisema Samiha, akipuliza mkaa.

Yona aliona mazungumzo yanakwenda vizuri. Wakibishana hivi mpaka adhuhuri, jua litakuwa kali, na safari ya mlimani haianzwi na jua kali.

— Tuseme Miraji ana haki, akasema kwa sauti ya mtu mwadilifu. Ndoo inataka matone. Bomba likikauka kabisa je?

— Likikauka kabisa, kweli, unakwama. Hapo mashine itabidi uilishe kwanza kwenye gari jingine, au kwenye chaja ya simu.

— Basi yangu imekauka. Haina hata tone. Pole kwa usumbufu, ndugu yangu.

Miraji aliinuka, akaenda kwenye Starleti. Alipougusa mlango wa dereva, ukafunguka wenyewe. Ulikuwa umesindikwa tu, haukubanwa. Na darini mwa gari, taa ndogo ilikuwa ikiwaka, nyekundu kama sigara inayokwisha.

— Tone hilo hapo, alisema Miraji. Halafu akageuka. Pindo, gari hili unaliacha bila kufunga mlango?

— Labda watoto.

— Wiki iliyopita nilikuchajia betri nzima. Jumanne. Ilikuwa nzima kabisa.

Yona alikitazama kikombe. Jumanne ile ile jioni alikuwa amekuja mwenyewe, akafungua mlango wa gari, akausindika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani mwa mgonjwa. Taa ikala betri usiku kucha, na kesho yake akasimama mbele ya wenzake akipiga stata isiyoitika na kushika kiuno. Alikuwa amefanya hivyo mara mbili. Alidhani hakuna aliyemwona.

— Mimi nauza kahawa, alisema Samiha bila kuinua macho. Kazi ya kulinda milango ya magari ya watu sina. Lakini macho ninayo, kaka Yona.

Mzee Zabron akakohoa. Setelaiti, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alipata habari na asiseme neno.

Miraji aliinua boneti. Kibanio chekundu akakiuma kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, cheusi kwenye kile kingine. Kwenye uso wa mashine vikawaka vitaa, kimoja, kikasita, cha pili, kikasita. Wote walikuwa wamesimama sasa, vikombe mkononi, wamekizunguka kile kitofali. Setelaiti alisimama hatua mbili nyuma, akiyalinda magoti yake.

— Inanyonya, alinong'ona Mzee Zabron.

— Inakinga, alisema Miraji.

Kilipowaka kitaa cha mwisho, mashine ikalia mara moja, sauti nyembamba.

— Ingia, Pindo. Piga mara moja tu, usisitesite.

Yona aliingia. Nusu ya moyo wake ilikuwa ikiomba gari likatae, na nusu nyingine, ambayo hakuwa ameisikia wiki tatu zote, ilikuwa ikiomba likubali. Akageuza ufunguo. Starleti ikapiga chafya, ikatetemeka, kuku akatoka uvunguni akipiga kelele, na injini ikashika.

Mzee Zabron alikwenda akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale.

— Haijatisha mtu, akasema. Nimekubali.

Miraji alibandua vibanio, akashusha boneti.

— Usilizime njiani. Likitembea litajichajia lenyewe. Haya, nenda.

— Nenda hivihivi? alisema Yona dirishani. Shati lenyewe hili?

— Shati umeshona mwenyewe.

— Matairi je?

— Nimeyapiga teke asubuhi, alisema Mzee Zabron. Yana pumzi.

— Na kuna sare za shule natakiwa kumaliza.

— Shule zimefungwa, alisema Setelaiti kwa upole.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja, mgeni, jina lake Devota, aliyekuja juzi kutoka Lushoto kumtazama dada yake. Alikuwa ametumwa kashata. Akasimama na sahani yake, akawatazama wanaume wanne na gari linalonguruma.

— Kuna msiba?

— Hapana, dada, alisema Samiha. Kaka huyu anakwenda Amani kumfuata mkewe. Alimsimulia vibaya hapa kijiweni, mke akaondoka.

— Aa. Devota akainama kidogo, akamwangalia Yona dirishani, hana ubaya wowote usoni. Na ukifika utamwambia nini?

Yona akawageukia wenzake.

Setelaiti akasema, "Mwambie... mwambie kwamba sisi...", akaishia hapo, kwa kuwa lile jina lilitoka kinywani mwake yeye. Mzee Zabron alikuwa ameinamia kikombe chake, anachungulia machicha. Miraji akawa anazikunja nyaya ambazo zilishakunjwa. Watu waliokuwa na maelezo matano ya kitofali kimoja hawakuwa na hata nusu ya jibu.

Samiha akamwekea Devota kashata zake kwenye sahani, akaongeza moja.

Yona akaingiza gia.

Mpaka Muheza alijaribu maneno. Pale barabara ilipoacha lami na kuanza kupanda msituni, alikuwa ameshayatupa mengi. Kila sentensi aliyoianza ilijipinda yenyewe katikati ikawa ya kuchekesha, na akajisikia kana kwamba amekaa bado kwenye benchi, Setelaiti kando yake anasubiri kucheka. Kwenye kona kali gari lilipopungua nguvu alishika usukani kwa mikono miwili, akamwomba Mungu lisizime. Baadaye ndipo alipogundua kwamba hakuwa akitafuta tena mahali pa kugeuzia.

Ruthi alikuwa uani kwa wazazi wake, ameketi kwenye mkeka, anachambua pilipili manga. Alimwona tangu gari linaingia. Hakuinuka.

— Zima hilo gari, unatutilia moshi.

— Nikizima huenda lisiwake.

— Zima.

Akazima. Msitu ukasikika wote kwa mara moja. Yona akashuka, akasimama pembeni ya mkeka, mikono haina pa kukaa.

— Haya, sema, alisema Ruthi. Najua umekuja na maneno.

— Sina.

— Wewe? Huna?

— Nimetafuta njia nzima. Yote niliyopata yalikuwa ya kijiweni. Nimekukosea, Ruthi. Basi, ni hilo tu.

Ruthi alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono. Kisha akasogeza ungo, nafasi ya mtu mmoja ikaonekana kwenye mkeka.

— Vijiti huku, punje huku.

Yona akaketi. Walichambua mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwao. Mama mkwe alitoka, akamtazama mkwewe, akaitikia shikamoo yake, akarudi ndani.

— Yona.

— Naam.

— Hivi huwa naimba wimbo upi?

Yona aliinua uso. Hakuwahi kufikiri kwamba mtaa mzima ulijua, na Ruthi mwenyewe, kwa kuwa huwa amelala, hakujua. Yona alitazama mlangoni, akatazama na huko barabarani, akahakikisha hakuna mtu. Kisha akamwinamia karibu kabisa, na kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake akamwimbia, tangu ubeti wa kwanza.