Shea Inayonukia Harusi

Basi la Tamale lilikuwa halijaondoka Azara alipofungua kopo lake jipya la mafuta ya shea, lililoandikwa "Asilia". Harufu ya waridi ikamfikia hadi dereva.

"Mwanangu, shea gani hiyo inayonukia harusi?" akauliza mama wa kiti cha pili, asiyemjua.

"Ya asili, mama. Si imeandikwa?"

"Upupu nao ni wa asili, jipake basi!" Abiria wakaangua kicheko. "Shea yetu hunuka moshi."

Azara naye akacheka. "Mume wangu alitafuta jiko, mama. Moshi hakuuomba."

Basi liliposimama Savelugu, mama akainuka ashuke, akachovya vidole koponi. "Naupima tu uongo wa waliouandika," akasema, akijipaka shingo, mbele na nyuma.